Karani na Ushindi wa Mia Mbili

Kuna watu huchukiwa kwa sura zao, na wengine kwa midomo yao. Tadokoro alichukiwa kwa taa.

Katika uwanja wa besiboli wa Kanazawa, juu ya ubao mkubwa wa alama, pana taa mbili ndogo. Mpira ukipigwa na mlinzi akashindwa kuudaka, watu elfu ishirini huinua macho kungoja taa ipi iwake. Ikiwaka ya pigo, mpigaji kajipatia pigo lake la halali. Ikiwaka ya kosa, mlinzi ndiye mzembe. Nusu ya uwanja hushangilia, nusu nyingine humlaani yule karani kipofu, ukoo wake na daktari wake wa macho. Hakuna anayejua kwamba kipofu huyo ni mzee wa miaka hamsini na minane mwenye miwani mbili, moja ya kuonea mbali na moja ya kuandikia, anayekaa kwenye kijichumba cha kioo nyuma ya mpigaji, penseli nyeusi kulia, nyekundu kushoto, katikati mkebe wa wali baridi na kipande cha samaki wa kuchoma.

Kazi hiyo ina masharti kuliko dawa ya mganga. Karani wa ligi haruhusiwi kunywa na wachezaji, wala na makocha. Na waandishi wa habari hakukatazwa, lakini huwezi kunywa na mtu anayekuuliza kila baada ya funda kwa nini Jumanne uliwasha ile taa. Mke wake alivumilia miaka kumi na moja, kisha akaondoka bila ugomvi, akisema amechoka kuolewa na ratiba. Tadokoro aliiona hoja yake. Angekuwa anamwandikia alama, angemwandikia pigo safi.

Kwa hiyo mtu aliyekuwa karibu zaidi na kuitwa rafiki yake duniani alikuwa Kaburagi Shigeto, mtupaji wa timu ya Korongo, yule anayewarushia wapigaji mpira, ambaye alikuwa hajawahi kuzungumza naye. Tukiacha salamu za kwenye korido, bila shaka. “Pole na kazi.” “Pole na wewe.” Miaka ishirini na miwili ya pole.

Walianza mwaka mmoja. Kaburagi alikuwa kijana wa ishirini na moja mwenye masikio makubwa na mpira wa kupinda uliokuwa ukiingia kama paka anayejua njia ya jikoni. Tadokoro alikuwa karani mpya anayechonga penseli kila dakika. Makarani huzungushwa viwanja mbalimbali, hivyo hakuziona mechi zake zote, lakini alizoziona aliziona kama hakuna mwingine: kila mpira, kila mguu uliotangulia, kila mara alipojikuna shingo kabla ya kutupa mpira wa polepole. Mara mbili alitamani kumpelekea ujumbe kuhusu hilo la shingo, maana wapigaji wangeligundua. Masharti yakamkataza.

Sasa Kaburagi alikuwa na miaka arobaini na mitatu, bega lililopasuliwa mara mbili, na ushindi mia moja tisini na tisa.

Hapo inabidi nieleze kidogo, na atakayesinzia nitamwamsha. Timu ikishinda, ushindi huandikwa kwenye jina la mtupaji mmoja tu. Zamani, aliyefikisha mia mbili alikuwa ameingia peponi mguu mmoja. Palikuwa na koti lake, chama chake cha wakongwe, na jina lake lilitajwa kwa sauti ya chini kama la marehemu mwema. Watupaji wa enzi hizo walitupa mpaka mkono ukanyooka kama kamba ya kuanikia. Siku hizi mtupaji akifikisha mipira mia huondolewa kama mkate kwenye tanuri, mshindi hupatikana yeye akiwa ameshaoga, na hakuna kijana atakayeifikia mia mbili hata akicheza mpaka apate wajukuu. Wala hawaitaki. Wanasema kumpa mtu mmoja ushindi wa timu ni kama kumsifu jogoo kwa kuleta asubuhi. Wao wana mashine zinazohesabu mpira umezunguka mara ngapi hewani. Ndivyo namba ile ilivyopatwa na msiba wa ajabu: zamani ilikuwa adimu kwa sababu ni ngumu, sasa ni adimu kwa sababu hakuna anayeitafuta.

Isipokuwa mmoja. Kaburagi alikuwa amekwama kwenye mia moja tisini na tisa kwa miezi kumi na minne. Alipoteza mechi tisa mfululizo, akateremshwa timu ya pili, akawa anatupa mipira katika kiwanja kilichozungukwa na mashamba ya mpunga mbele ya wastaafu na mbwa wao. Mwezi Septemba alitangaza kwamba anastaafu, na klabu ikasema atacheza Jumapili ya mwisho ya msimu, nyumbani, saa saba mchana.

Mechi za mwisho wa msimu zina desturi zake. Timu ambazo hazina tena cha kupoteza hufanyiana hisani. Wapo waliomtupia mpinzani mipira ya nje, isiyopigika, makusudi siku nzima ili asimpite mwenzao kwenye orodha ya wapigaji bora, na uwanja ukaelewa. Safari hii hesabu ilipigwa hivi. Bega la Kaburagi haliwezi tena awamu tano kati ya tisa za mechi, na mtupaji anayeanza mechi lazima amalize tano ndipo ushindi uwe wake. Basi aanze Minegishi, kijana wa miaka ishirini na miwili, atolewe baada ya nne timu ikiwa mbele. Kaburagi aingie awamu ya tano, atupe moja tu, apumzike. Minegishi alipoambiwa hakulalamika hata kidogo. Aliwaambia waandishi kwamba ushindi kwake ni namba tu, mzee auchukue, kwa sauti ileile ya mtu anayempisha mzee kiti kwenye treni. Klabu ikaagiza shada la maua na bango la dhahabu lenye namba 200, refu kama mlango.

Kulikuwa na jambo moja tu. Aliyeanza akitoka kabla ya tano, ushindi haumwangukii anayefuata moja kwa moja. Sheria inasema unakwenda kwa yule ambaye, kwa maoni ya karani, alitupa vizuri zaidi. Kocha alilijua hilo, lakini hakulipa uzito. Kati ya watupaji waliolingana, makarani wote humpa wa kwanza. Nani asingelingana na awamu moja safi?

Kila kitu kilikwenda kama ngoma iliyofanyiwa mazoezi. Minegishi akatoka baada ya nne, Korongo tano, wageni sifuri. Kaburagi akaingia, tarumbeta za mashabiki zikapiga wimbo wake, na awamu ya tano ikaisha kwa mipira tisa. Tadokoro aliandika mistari mitatu midogo ya penseli nyeusi, mmoja kwa kila mpigaji aliyetolewa, mkono wake ukiwa mwepesi isivyo kawaida. Huo sasa, alijiambia. Huo naandika mimi.

Kisha awamu ya sita ikaanza, na mtu aliyepanda tena kile kilima kidogo cha mtupaji katikati ya uwanja alikuwa Kaburagi.

Baadaye ilijulikana kwamba kocha alimshika mkono wa kumpongeza, yaani imetosha, na Kaburagi akaukataa. Alisema ushindi wa awamu moja ni sadaka, na yeye si ombaomba. Atupe hata mbili. Kocha akatazama viatu vyake. Nani amkatalie?

Wawili wa kwanza walitoka upesi; wa tatu akitoka, awamu imekwisha. Halafu likaja pigo la katikati. Kisha mipira minne ya nje, na kwa sheria mpigaji akajiendea zake bure kituo cha kwanza. Kisha ukapigwa mpira wa chini, wa kawaida kabisa, kuelekea kwa Sakuma, mlinzi wa kituo cha tatu, ambaye hajakosa mpira wa namna hiyo tangu majira ya kuchipua. Uwanja mzima ulishaanza kupiga makofi. Kaburagi mwenyewe alishageuka, hatua mbili kuelekea benchi. Mpira ukapita juu ya bega la Sakuma.

Watu elfu ishirini walikuwa wanamtazama Kaburagi. Mtu mmoja alikuwa anatazama mpira, kwa sababu ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya. Aliuona ukifika pale nyasi zinapoishia na udongo unapoanza, kwenye kiukingo kilichomomonyolewa na mvua ya Ijumaa, ukaruka kama chura aliyekanyagwa mkia, kama chura angekuwa nao. Binadamu hawezi kuudaka mpira ule. Hilo si kosa.

Macho yote yakapanda kwenye ubao. Tadokoro alikuwa na vitufe viwili mbele yake, na alijua waziwazi kila kimoja kinamaanisha nini. Likiwa kosa, basi awamu ilipaswa kuwa imekwisha, na lolote litakalofuata si deni la mtupaji. Likiwa pigo, yote ni yake.

Akabonyeza. Taa ya pigo ikawaka.

Mpigaji aliyefuata aliupeleka mpira mpaka kwenye ukuta, wote watatu waliokuwa vituoni wakakimbia mpaka kituo cha nyumbani, alama tatu. Tano kwa tatu. Aliyefuata akapewa njia ya bure tena, na kocha akatoka, safari hii hakutazama viatu. Kaburagi akamkabidhi mpira, akashuka.

Simu ya kijichumbani ililia kabla mtupaji mpya hajamaliza kupasha mkono. Alikuwa Bi Oyanagi wa ofisi ya habari ya klabu, mwanamke mwenye adabu iliyokunjwa vizuri kama leso.

“Mzee Tadokoro, pole na kazi. Samahani sana. Ile taa, hukuteleza kidole?”

“Sikuteleza.”

“Basi nimeuliza tu, mzee. Macho yangu ni ya karibu, ya kushonea soksi tu, nayajua mwenyewe.”

Mtupaji mpya aliitwa Hirukawa. Usijilaumu kama humjui. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, amepita timu tatu katika miaka saba, na kila alipokwenda alipewa fulana yenye namba kubwa ambazo hupewa watu wasiotarajiwa kukaa. Ushindi wake wa maisha ulikuwa sifuri. Wiki iliyofuata klabu ilikuwa itangaze majina ya wanaoachwa, na kila mtu alijua lake limo, naye akiwa wa kwanza kujua. Hirukawa alimaliza ile awamu ya sita kwa mipira mitatu. Akatupa ya saba, hakuna aliyefika kituo. Akatupa ya nane, vilevile. Hakuna aliyempigia tarumbeta. Hakuwa na wimbo.

Wakati Korongo wanapiga nusu yao ya awamu ya nane, simu ikalia tena. Bi Oyanagi safari hii alikuwa anaongea kwa kunong’ona, na nyuma yake zilisikika karatasi za shada zikikwaruza. Alieleza kwamba Sakuma amesema lile lilikuwa kosa lake, lake kabisa, mzee amwandikie tu. Mchezaji kuomba aandikiwe kosa ni kama mwizi kukimbilia kituo cha polisi. Tadokoro hakuwahi kulisikia katika miaka yote ya kazi. Na Hirukawa naye, mama huyo akaendelea, ameulizwa. Amesema, mimi na ushindi mmoja nitaufanyia nini?

“Wote wamekubali, mzee,” alisema Bi Oyanagi. “Hakuna atakayeumia. Hata hao vijana wa mashine wanasema ushindi hauna maana.”

“Kama hauna maana,” alisema Tadokoro, “mbona simu hii inalia?”

Bi Oyanagi akasema kitu ambacho hakikuwa kimekunjwa. “Kwa sababu tunampenda. Wewe humpendi?”

Tadokoro alijibu kwamba awamu ya tisa inaanza, akaweka simu chini. Aligundua kwamba ameshika penseli zote mbili kwa mkono mmoja. Aliucheza mkanda wa marudio kwenye kiskrini chake. Kamera ilikuwa mbali, nyuma kabisa, na kutoka huko mpira ulionekana ukienda chini, kisha ukionekana nyuma ya Sakuma, bila lililo katikati. Mtu yeyote angesema kosa. Karani mwenzake yeyote, akiletewa mkanda ule, angesema kosa, akala chakula chake cha jioni na kulala usingizi mnono. Wote walikuwa wamekubali. Kilichokuwa hakijakubali ni kile kiukingo cha udongo tu.

Mtupaji wa mwisho, aliyempokea Hirukawa kwa awamu ya tisa, alifunga mlango, tano kwa tatu. Uwanja ukasimama. Kule chini, wanaume wawili walishalitoa lile bango, limefunikwa kitambaa cheupe, na Kaburagi alikuwa amesimama kando ya benchi, barafu imefungwa begani, kofia mkononi. Tadokoro akavaa miwani ya kuandikia. Akaandika. Kisha akainua simu ya ndani na kumsomea mtangazaji, na sauti ya mtangazaji ikatoka kwenye vipaza sauti vyote vya Kanazawa. Mtupaji mshindi, Hirukawa. Ushindi wa kwanza.

Watu waliokuwa wamesimama wakatazamana. Halafu zikaanza kelele, si za hasira kwanza, za kuuliza. Hasira ilikuja baada ya jibu. Wale wanaume wawili wakaligeuza bango na kulirudisha walikolitoa, miguu yao ikionekana chini ya kitambaa. Hirukawa, kwa mujibu wa desturi, aliitwa kwenye jukwaa la shujaa wa mechi. Alipanda akiwa amejikunja kama mtu aliyefumaniwa, akapewa kipaza sauti, akaomba radhi. Aliomba radhi mara tatu, kwa mashabiki, kwa Kaburagi, na mara ya tatu hakusema kwa nani. Huo ndio ulikuwa ushindi wake wa kwanza, na ulikuwa wa haki kuliko mingi.

Shada walimpa Kaburagi hivyohivyo, kwa kustaafu. Mashabiki wakalia. Tadokoro alikuwa anajaza fomu.

Saa kumi na moja na nusu uwanja ulishafagiwa nusu, na bado alikuwa hapo, maana fomu za mwisho wa msimu ni nyingi na hakukuwa na mahali pengine pa kuwahi. Kivuli kikasimama mlangoni. Tadokoro alijua kabla ya kugeuka. Alimjua mtu yule kwa namna alivyoweka uzito kwenye mguu wa kushoto.

“Niingie?” aliuliza Kaburagi.

“Hairuhusiwi.”

“Najua. Nitasimama hapahapa.”

Kwa karibu, masikio yalikuwa bado makubwa. Tadokoro alisimama pia, akakosa pa kuweka mikono. Katika miaka yote hiyo alikuwa ameshayapanga mazungumzo haya mara nyingi, kwenye treni, kwenye vyumba vya hoteli. Yangeanza na lile la kujikuna shingo. Wangecheka.

“Mzee, miaka ishirini na miwili sijakuomba kitu,” alisema Kaburagi. “Una saa ishirini na nne za kuibadilisha ile taa. Nimeulizia.”

“Mpira uliruka vibaya. Pale kwenye ukingo.”

“Mpira ule hata mama yangu angeudaka.”

“Kabla haujaruka, ndiyo.”

Kaburagi aliitazama fremu ya mlango kana kwamba nayo ina maoni. Akasema kwamba vijana wanaziita zile namba upuuzi, kwamba Minegishi alimgawia wake kama pipi. Sasa kitu ambacho kila mtu anakitupa, mzee anakibania cha nini?

“Na wewe,” alisema Tadokoro, “unakitakia nini?”

Maji ya barafu yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kiwiko chake, tone moja moja, upande wa nje wa kizingiti.

“Mimi sijui kuhesabu vingine,” alisema Kaburagi. “Hizo zao mpya nimefundishwa, sizishiki. Nilifundishwa hii moja. Nikifika nyumbani kesho na kuulizwa nimefanya nini maisha yote, nina hii tu ya kutaja.”

Tadokoro alitaka kumwambia mengi. Kilichotoka ni hesabu.

“Mimi nimekuandikia sitini na mmoja.”

“Sitini na mmoja?” Kaburagi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. “Yote ilikuwa yangu kweli?”

“Hapana. Ule wa Nagoya, mwaka wako wa saba, ulifungwa alama sita na wenzako wakafunga tisa. Nikakuandikia ushindi. Na mwaka wa kumi na mbili, mvua ya Mei, ulitupa awamu tisa bila kufungwa hata alama moja, na wenzako wakapiga hewa mpaka mwisho. Siku hiyo sikukuandikia kitu. Mpira bora niliowahi kuuona ulikuwa siku hiyo.”

“Unaikumbuka?”

“Naikumbuka.”

“Basi ni upuuzi mtupu,” alisema Kaburagi, karibu kwa upole. “Umeshaandika upuuzi sitini na mmoja. Ongeza mmoja.”

“Ule ulitokea,” alisema Tadokoro. “Huu haukutokea.”

Kaburagi alitikisa kichwa polepole, kama alivyozoea kufanya pale mwamuzi alipomnyima mpira uliopita pembeni kabisa, si kwa kukubali wala kwa kukataa. Akaweka barafu vizuri begani. Akainama, kiasi kile ambacho mtu humwinamia jirani wa ghorofa nyingine, akaondoka. Hatua zake zilisikika mpaka kwenye lifti. Lifti ikachelewa kuja, na muda wote huo mmoja alikuwa huku na mwingine kule, mita kumi na tano.

La shingo hakumwambia. Lilikuwa halina kazi tena.

Tadokoro alifunga fomu kwenye bahasha, akateremka kwa ngazi. Barabara ya kwenda stesheni ilikuwa imejaa fulana za Korongo, na alitembea kati yake akisikiliza anavyochambuliwa. Mmoja alisema karani yule amehongwa. Mwingine akasema hapana, ni mashine siku hizi, binadamu hawezi kuwa na roho ile. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisema kwa utulivu kwamba anamwombea aumwe jino sikukuu nzima.

Kando ya stesheni kuna kibanda cha tambi ambacho watu hula wakiwa kwenye viti virefu, mabega yanagusana. Alipata nafasi moja. Jirani yake alikuwa mwanamume wa makamo mwenye fulana namba kumi na nane, ya Kaburagi, imepauka kwa kufuliwa, macho mekundu, na chupa kubwa ya bia mbele yake. Mwanamume huyo alimtazama Tadokoro, koti lake la kijivu, mvuke wa tambi ukimpofusha miwani, akaona, nafikiri, shabiki mwenzake mwenye huzuni. Akaomba glasi ya pili. Akammiminia mpaka povu likasimama.

“Kunywa, kaka,” alisema. “Leo hakuna kunywa peke yako.”

Tadokoro hakuwa amemiminiwa bia na mtu tangu mazishi ya bosi wake wa zamani. Aliishika glasi kwa mikono miwili. Ilikuwa baridi sana na nzuri sana. Yule bwana alijiita Isurugi, fundi wa mabomba, akasimulia kwamba alikuwapo uwanjani kwenye ushindi wa kwanza wa Kaburagi. Alikosea tarehe. Tadokoro hakumsahihisha. Isurugi akasema alikuwa anauonyesha mkono ule kwa mwanawe, tazama ule, hautauona tena. Akasema wanaodai namba hazina maana hawajawahi kusubiri namba. Tadokoro aliitikia, kwa sababu hilo alilikubali kwa moyo wote, na Isurugi akamjazia tena.

Kwenye kitelevisheni cha ukutani walikuwa wanaurudia ule mpira. Chini, kisha nyuma ya Sakuma. Kibanda kizima kikaguna.

“Ona,” alisema Isurugi. “Ona hapo. Sasa niambie, kaka, wewe unaonekana mtu wa busara. Ungekuwa wewe ndiye yule karani. Ungemwandikia nani?”

Angeweza kucheka. Angeweza kujaza mdomo tambi. Glasi ilikuwa bado na nusu, na bega la yule bwana, zito na la moto, lilikuwa limeegemea lake.

“Hirukawa,” alisema Tadokoro.

Isurugi alimtazama akingoja utani uishe. Ulipokosa kuisha, alichukua chupa yake, akachukua bakuli lake, akahamia upande wa pili wa kibanda, ambako palikuwa na nafasi ya kusimama tu.

Tadokoro alimaliza tambi. Bia aliiacha pale ilipofika, kwa sababu haikuwa yake.